Kupunguziwa saa za kazi baada ya likizo ya uzazi: mwongozo kamili

Mara nyingi hakuna anayekuita ofisini kukueleza. Unarudi kazini mtoto hajatimiza miezi mitatu, unasoma ratiba ya zamu iliyobandikwa karibu na mlango wa stoo, na jina lako lipo siku tatu badala ya tano. Ukiuliza, msimamizi anakujibu kwa upole: "Tumekupunguzia mzigo, dada, una mtoto mchanga." Mshahara ukiingia ndipo unajua kilichopunguzwa ni nini.

Mwongozo huu ni wa mfanyakazi wa sekta binafsi Tanzania Bara: hotelini, supamaketi, kiwandani, shule binafsi, duka la dawa, kampuni ya ulinzi. Mwishoni nitagusa watumishi wa umma, Zanzibar na Kenya. Msimamo wangu nauweka mapema. Ukikaa kimya, ukimya wako utasomwa kuwa umeridhia. Ukiacha kazi kwa hasira, kazi ya kuthibitisha inahamia kwako. Njia salama ni kuendelea kwenda kazini huku umepinga kwa maandishi, na huku unahesabu siku.

Sheria inasema nini hasa

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, Sura ya 366. Namba za vifungu ninazozitaja ni za Toleo la 2019. Ukishika toleo jipya zaidi, tafuta kichwa cha kifungu, usitegemee namba peke yake.

Wengi wanakijua kifungu cha 33 kwa zile siku 84 za likizo yenye malipo, au siku 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja kwa pamoja. Kinachosahaulika ni kijifungu cha 4 cha kifungu hicho hicho: likizo ikiisha, mfanyakazi anaweza kurejea kazini kwa masharti yale yale ya ajira. Sheria haikusema masharti yanayokaribiana, wala kile ambacho meneja anaona kinamfaa mama anayenyonyesha.

Je, saa za kazi ni sharti la ajira? Ndiyo. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na kwenye orodha ya mambo ya lazima saa za kazi zimo, pamoja na mshahara na namna unavyokokotolewa. Kifungu hicho kinaendelea kusema kwamba jambo lolote kati ya hayo likibadilika, mwajiri atarekebisha maelezo hayo kwa kushauriana na mfanyakazi, kisha amjulishe mabadiliko kwa maandishi. Kushauriana si kubandika ratiba ukutani. Si meseji ya kundi la WhatsApp ya saa nne usiku pia.

Kipo pia kifungu cha 7, kinachokataza ubaguzi kazini na kutaja ujauzito, jinsi na jinsia miongoni mwa misingi iliyokatazwa. Uzuri wake ni huu: ukishaonyesha picha ya awali kwamba umebaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea au kwamba sababu yake ilikuwa nyingine. Kwa mfano, wewe na wenzako wanne mnafanya kazi ileile, mapato ya ofisi hayajashuka, na aliyepunguziwa saa ni yule tu aliyetoka uzazi. Hiyo ni picha ya awali.

Kabla ya kugomba, jua ni kupunguziwa kwa namna gani

Si kila badiliko ni uonevu, na ukichanganya mambo utaangushwa mapema.

Zamu za usiku ni mfano mzuri. Kifungu cha 20 kinamkataza mwajiri kumpangia mama kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kwa miezi miwili baada ya kujifungua, isipokuwa mama mwenyewe aombe na awe na cheti cha daktari. Baada ya miezi hiyo bado anaweza kukingwa akileta cheti kwamba afya yake au ya mtoto hairuhusu. Kwa hiyo ukiondolewa zamu ya usiku katika kipindi hicho, mwajiri anatii sheria. Utakosa ile nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku, hilo ni kweli. Lakini saa hizo zilipaswa kuhamishiwa mchana. Kama zimefutwa tu na hukupewa nyingine, hiyo si kinga tena.

La pili ni saa za kunyonyesha, na hapa ujanja ni mwingi. Kifungu cha 33(10) kinamtaka mwajiri amruhusu mama kumnyonyesha mtoto wakati wa saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Maneno "wakati wa saa za kazi" yana uzito wake: saa hizo ziko ndani ya siku yako ya kazi. Nimeona mahesabu ambayo mwajiri anatoa saa mbili kila siku, anaandika kwamba mfanyakazi anafanya saa saba, kisha analipa saba. Mtu amepewa haki kwa mkono mmoja na kukatwa kwa mwingine. Kifungu cha 28 kinabana sana mazingira ambayo mwajiri anaruhusiwa kukata mshahara, na kunyonyesha hakumo.

Saa za ziada ni habari nyingine. Sheria inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na 9 kwa siku, na zinazozidi hapo ni saa za ziada zinazolipwa si chini ya mara moja na nusu. Kama kabla ya uzazi ulikuwa unapata saa za ziada na sasa hupati, madai yako ni mepesi kidogo, kwa sababu hizo hazikuwa saa zako za kawaida. Hoja iliyobaki ni ya ubaguzi: wenzako wote wanapata, wewe tu umerukwa.

Kuna pia wewe mwenyewe kuomba. Kama ulimwambia bosi, hata kwa meseji, "naomba nipunguziwe siku mpaka mtoto akue", basi ulifungua mlango. Unaweza kuufunga, lakini kwa barua inayosema kuanzia tarehe fulani unarudi kwenye saa zako za mkataba.

Mwisho, hali mbaya ya biashara. Hoteli za Arusha na Karatu zinajua mvua za masika zinavyowakimbiza wageni. Mwajiri akipunguza saa za kila mtu kwa miezi hiyo, baada ya kukaa na wafanyakazi au chama chao na kukubaliana, huna sababu ya kusema umeonewa kwa ajili ya mtoto. Muulize tu: wangapi wamepunguziwa, kwa kigezo gani, mpaka lini? Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha kama ni biashara au ni wewe.

Hatua ya 1: siku uliyogundua

Usisaini chochote siku hiyo. Ukiletewa "makubaliano ya saa mpya" na kuambiwa saini ni utaratibu tu wa ofisi, omba nakala ukasome nyumbani. Wakikulazimisha kusaini kwamba umepokea, andika kwa mkono wako pembeni ya saini: "Nimepokea, sijakubali", kisha tarehe. Ni maneno mawili tu, lakini yatakuokoa baadaye.

Usiache kwenda kazini. Nenda siku zile tatu ulizopangiwa, saini daftari la mahudhurio kama kawaida. Ukigoma kwa kujikalia nyumbani unampa mwajiri kesi ya utoro, na mjadala wa saa zako utazikwa humo.

Andika tarehe. Siku uliyoambiwa au ratiba ilipobandikwa ndiyo siku mgogoro ulipoanza, na muda wa kisheria unaanza kukimbia hapo. Nitalirudia hili mbele kwa sababu ndilo linalowaangusha wengi kuliko mengine yote.

Hatua ya 2: kusanya karatasi

Piga picha ratiba mpya kwa simu, ionekane yote pamoja na majina ya wenzako na tarehe. Tafuta ratiba za zamani, angalau za miezi mitatu kabla hujaenda likizo. Kama hukuwahi kuzipiga picha, pekua kundi la WhatsApp la kazini, mara nyingi wasimamizi huzituma humo kila Jumapili.

Weka pamoja na mkataba au barua ya ajira, slipu za mshahara za kabla na za baada, taarifa ya benki au ya simu inayoonyesha mshahara ulivyokuwa unaingia, barua ya kuomba likizo na ya kukubaliwa, na cheti cha kuzaliwa au tangazo la kizazi. Chukua pia taarifa ya michango yako NSSF, kwa sababu inaonyesha mshahara ambao mwajiri mwenyewe amekuwa akiutangaza.

Huna mkataba wa maandishi? Usikate tamaa. Kifungu cha 15(6) kinasema mwajiri akishindwa kuleta mkataba au maelezo ya ajira kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake. Na kwa wale wanaoitwa vibarua miaka nenda rudi, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinamhesabu mtu kuwa mfanyakazi kikipatikana kigezo kimojawapo kati ya vilivyotajwa, kikiwemo kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa si chini ya saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita.

Vitu hivi usiviache kwenye kompyuta ya ofisini, wala kwenye simu ya kazi.

Hatua ya 3: piga hesabu ya unachopoteza

Mwajiri anaposema "ni siku mbili tu", mjibu kwa shilingi. Chukua mfanyakazi wa mshahara wa Sh 450,000 kwa mwezi, saa 45 kwa wiki, siku tano za saa tisa. Amepunguzwa hadi siku tatu, yaani saa 27.

Jedwali la sheria linagawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, na wa wiki kwa saa za kawaida kupata wa saa. 450,000 gawa kwa 4.333, gawa kwa 45, inakuja kama Sh 2,308 kwa saa. Amepoteza saa 18 kila wiki. Kwa mwezi mshahara wake unakuwa Sh 270,000, pungufu ya Sh 180,000. Miezi mitatu, Sh 540,000.

Sasa angalia yasiyoonekana kwenye slipu moja. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, sehemu ya mwajiri na yako kwa pamoja. Ilikuwa Sh 90,000 kwa mwezi, sasa ni Sh 54,000. Malipo ya likizo ya mwaka yanafuata mshahara. Malipo ya notisi yanafuata mshahara. Kiinua mgongo cha kifungu cha 42, yaani mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka kumi, nacho kinafuata mshahara. Mwajiri anayetaka kukuondoa kwa bei nafuu mwakani, hapa ndipo anapoanzia. Sisemi kila mwajiri ana nia hiyo, ila hesabu ndivyo inavyotoka.

Na kama saa zimepungua lakini mshahara haujaguswa? Pinga hivyo hivyo. Ni kawaida mshahara kufuata saa baada ya mwezi au miwili, na utaulizwa kwa nini ulinyamaza saa zilipopungua.

Hatua ya 4: ongea, kisha andika ulichoongea

Anza na msimamizi wako au afisa rasilimali watu. Omba dakika kumi, usimvizie kwenye korido mbele ya wateja. Muulize maswali matatu: nani aliamua, kwa sababu gani, na ni kwa muda gani. Usianze na vifungu vya sheria. Mtu aliyepanga ratiba kwa uzembe anaweza kuirekebisha siku hiyo hiyo akipewa nafasi ya kutoka bila aibu, na mara kadhaa ndivyo inavyokwisha.

Jioni, mtumie ujumbe mfupi kwa barua pepe au WhatsApp: "Asante kwa muda wako leo. Kama nilivyokuelewa, nimepangiwa siku tatu kwa sababu nina mtoto mchanga, na hujajua mpaka lini. Nimekueleza kwamba sikuomba mabadiliko haya na naomba nirudishiwe siku zangu tano." Akijibu "sawa" au hata akikaa kimya, tayari una kumbukumbu yenye tarehe. Akijibu kwa kukanusha sababu aliyokupa mdomoni, hilo pia ni la kuhifadhi.

Hatua ya 5: barua ya kupinga

Hii ndiyo hatua ambayo akina mama wengi huiruka, wakiamua kufunika kombe mwanaharamu apite. Barua si kutangaza vita. Ni kuweka wazi kwamba hujaridhia. Iwe ukurasa mmoja, bila matusi, bila kutishia mahakama. Mfano:

> Tarehe 4 Machi 2026
>
> Meneja Rasilimali Watu,
> (jina na anwani ya kampuni)
>
> K.K.: Msimamizi wa Mapokezi
>
> YAH: KUPINGA KUPUNGUZWA KWA SAA ZANGU ZA KAZI
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni mhudumu wa mapokezi. Kwa mujibu wa mkataba wangu nafanya kazi saa 45 kwa wiki. Nilikuwa likizo ya uzazi ya siku 84 kuanzia tarehe 1 Desemba 2025 hadi tarehe 22 Februari 2026, na nilirejea kazini tarehe 23 Februari 2026.
>
> Tarehe 2 Machi 2026 ilibandikwa ratiba inayonipangia siku tatu, sawa na saa 27 kwa wiki. Sikuomba mabadiliko hayo, sikushirikishwa, na sijayakubali.
>
> Kwa mujibu wa kifungu cha 33(4) cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nina haki ya kurejea kazini kwa masharti yale yale ya ajira. Naomba nirudishiwe saa zangu 45 na nilipwe tofauti ya mshahara itakayokuwa imejitokeza. Kama ipo sababu ya mabadiliko haya, naomba nipewe kwa maandishi.
>
> Wakati nasubiri majibu, nitaendelea kufika kazini kwa ratiba iliyopo bila kuathiri haki zangu. Naomba majibu kabla au ifikapo tarehe 11 Machi 2026.
>
> Wako katika kazi,
> (saini na jina)
>
> Nakala: Katibu wa tawi, chama cha wafanyakazi

Chapisha nakala mbili. Moja unampa karani wa masjala, nyingine anakugongea muhuri wa kupokea na tarehe. Kama ofisi ina kitabu cha dispachi, asaini humo na wewe upige picha ukurasa. Wakikataa kupokea, tuma kwa barua pepe rasmi ya kampuni au kwa rejista ya posta na utunze risiti.

Sentensi ya "bila kuathiri haki zangu" usiifute. Ndiyo inayozuia mtu kusema ulikubali kwa vitendo kwa kuwa uliendelea kufika siku tatu.

Hatua ya 6: tafuta mtu wa kusimama nawe

Kama eneo lako la kazi lina tawi la chama, TUICO kwa viwanda, biashara na fedha, CHODAWU kwa hoteli na kazi za majumbani, mpe katibu wa tawi nakala ya barua. Ofisi ya kazi ya mkoa ina Afisa Kazi mwenye mamlaka ya kuingia eneo la kazi na kukagua kumbukumbu za mishahara na mikataba, na ziara yake moja huwa inalainisha mambo. Kwa ushauri usio na malipo wapo TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Ila kuongea na hao wote hakusimamishi saa ya kisheria. Unaweza kuzungushwa na chama wiki sita, ukajikuta umebakiwa na siku chache.

Hatua ya 7: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi

Wenyewe tunaiita CMA. Ina ofisi mikoani, na kufungua mgogoro hakuna ada. Hapa shika namba mbili. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, ukiwemo wa kupunguziwa saa ungali kazini, ndani ya siku 60 tangu ulipoanza.

Kwa mfano wetu, ratiba ilibandikwa tarehe 2 Machi 2026. Siku ya 60 inaangukia tarehe 1 Mei, sikukuu ya wafanyakazi, ofisi zimefungwa. Usicheze na ukingo wa namna hiyo. Mwajiri asipojibu barua yako kwa wiki mbili au tatu, nenda. Ukichelewa, itakubidi uombe kwanza kuongezewa muda na kueleza sababu za kila siku uliyochelewa, na "nilikuwa nasubiri HR anijibu" si sababu inayopokelewa kirahisi.

Fomu ya kufungulia ni CMA F.1. Jaza jina halisi la kampuni kama lilivyo kwenye mkataba au slipu, si jina la kwenye bango la duka. Kwenye aina ya mgogoro, eleza mambo yote mawili kama yote yapo: kuvunjwa kwa masharti ya ajira na ubaguzi. Sehemu B ni ya walioachishwa kazi, wewe ambaye bado uko kazini iache. Kwenye tarehe ya mgogoro, andika ile uliyoitunza tangu hatua ya kwanza. Kwenye matokeo unayotaka, andika hasa: kurudishiwa saa 45 kwa wiki na kulipwa malimbikizo ya kiasi fulani, ukionyesha hesabu yako. Anayeandika "nitendewe haki" anamwachia mwingine aamue haki hiyo ni nini.

Nakala ya fomu lazima imfikie mwajiri, na uwe na uthibitisho wa kumfikishia, kabla hujaiwasilisha Tume. Saini ya mapokezi au muhuri wa kampuni inatosha.

Kwanza ni usuluhishi, ambao kwa kawaida unatakiwa kumalizika ndani ya siku 30. Mnakaa meza moja na msuluhishi, anaongea nanyi pamoja, pengine na kila mmoja peke yake. Yanayosemwa humo ni ya siri, hayatumiki dhidi yako baadaye, kwa hiyo unaweza kutaja kiwango cha chini unachoweza kukubali bila woga. Unaweza kwenda na kiongozi wa chama, wakili, au mwakilishi uliyemchagua. Mtoto akiwa mdogo, mwombe msuluhishi mapumziko ya kunyonyesha. Na usikose kufika: mlalamikaji asipotokea, shauri linaweza kufutwa, na mwajiri asipotokea, msuluhishi ana uwezo wa kuamua lalamiko.

Mkikubaliana, soma hati ya makubaliano polepole kabla ya kusaini, kwa sababu ikishasainiwa inawafunga. Iwe na idadi ya saa, tarehe ya kuanza, kiasi cha malimbikizo, na siku ya kulipwa. "Mwajiri atazingatia maombi ya mfanyakazi" si makubaliano.

Mkishindwana, kwa kawaida shauri linakwenda kwenye uamuzi, ambako mnaleta mashahidi na vielelezo. Hapo zile picha za ratiba zinazoonyesha majina ya wenzako zinazidi maelezo ya nusu saa. Tuzo, yaani hukumu ya mwamuzi, inatakiwa kutolewa ndani ya siku 30 baada ya kusikilizwa kumalizika, na asiyeridhika ana wiki sita za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Wakikusukuma uondoke

Wengine hawafukuzi. Wanapunguza siku hadi tatu, kisha mbili, kisha wanakubadilishia zamu kila jioni, mpaka unaandika barua ya kuacha kazi mwenyewe. Kifungu cha 36 kinahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mfanyakazi anapoondoka kwa sababu mwajiri amefanya ajira isivumilike. Kinahesabu hivyo pia pale mwajiri anapokataa kumruhusu mama kurejea baada ya likizo ya uzazi. Lakini katika lile la kwanza ni wewe utakayethibitisha kwamba hali haikuvumilika, na Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinakutarajia uwe umetumia kwanza njia za malalamiko zilizopo, labda uwe na sababu nzuri ya kutozitumia. Ndiyo maana barua ya hatua ya tano inatangulia. Na barua yako ya kuacha kazi, kama imefika huko, itaje sababu hizo moja kwa moja. Ukiandika "kwa sababu za kifamilia" ili muachane kwa amani, umejifunga. Kuanzia siku ya kuondoka, muda wako ni siku 30, si 60.

Kwa mwenye mkataba wa muda maalumu unaoisha katikati ya haya yote: kutoongezewa mkataba nako kunaweza kuwa kuachishwa kazi, kama ulikuwa na matarajio ya msingi ya kuongezewa, mathalani umeongezewa mara tatu mfululizo na wenzako wa mkumbo wako wameongezewa safari hii.

Nje ya sekta binafsi ya Bara

Mtumishi wa umma haanzii CMA. Anatakiwa amalize kwanza ngazi za rufaa za utumishi wa umma, ikiwemo Tume ya Utumishi wa Umma.

Zanzibar ina Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005 na vyombo vyake. Anza na Kamisheni ya Kazi.

Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili. Kifungu cha 29 kinampa haki ya kurudi kwenye kazi aliyoiacha, au nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyo duni kuliko ambayo angekuwa nayo kama asingeenda likizo. Tofauti hiyo ni ndogo lakini ina maana: mwajiri wa Kenya anaweza kukuhamisha dawati, ila si kukushusha. Kifungu cha 10 nacho kinadai mabadiliko ya masharti yafanywe kwa kushauriana na kwa maandishi. Mlalamikaji huanzia kwa afisa wa leba au huenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, na ana miaka mitatu ya kufungua madai, muda mrefu kuliko wa Tanzania. Hatua za kukusanya ratiba, kupiga hesabu na kuandika barua ni zile zile, ila badala ya "Yah:" wataandika "Kuhusu:", na nakala ya slipu waiweke pamoja na taarifa za michango ya SHA, bima ya afya ya Kenya, na ya NSSF ya kwao.